Mama wa Jumamosi

Simu ya Celestine iliingia Jumatano saa kumi na moja jioni, siku ambayo haikuwa yake. Yeye hupiga Jumapili watu wakitoka kanisani. Kwa hivyo Mama Celestine, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi vilivyobaki sokoni, vile vidogo ambavyo wateja huvirudisha kwenye rundo, alijifuta mikono kwa leso na kuwaza msiba kabla hajawaza kitu kingine.

"Mayi, uko sawa?" Celestine akauliza, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani.

"Mimi niko sawa. Wewe ndiye sijui. Leo ni Jumatano."

"Nitakwambia. Weka simu mahali Papa anasikia. Quincy yuko?"

Quincy, mwanawe wa mwisho, alitoka chumbani akiwa na vidude vya muziki masikioni. Mumewe, Mzee Wamalwa, alizima redio. Zamani alikuwa karani katika bohari ya reli, na mpaka leo simu ya nje huipokea akiwa amefunga vifungo vya shati. Wakaizunguka meza ya sebuleni, kwenye nyumba yao ya kupanga pale Free Area, Nakuru, simu ikiwa katikati juu ya kitambaa cha kufuma.

Celestine alieleza upesi upesi, kama mtu anayeogopa kukatwa. Ulikuwa mwaka wake wa tatu akifundisha Kiingereza huko Vietnam. Senta ya masomo anakofundisha ina bango kubwa barabarani, na kwenye bango yeye anaitwa Ticha Natalie, Mwingereza kutoka London. Jina hilo alipewa na mwenye senta, Madam Hoa, wiki ya kwanza tu, kwa sababu hilo la Celestine lilizidi nafasi. Hayo nyumbani waliyajua, na walikuwa wameyacheka yakaisha. Ambalo hawakulijua ni kwamba mzazi mmoja ameambiwa na watu wa senta nyingine kuwa Ticha Natalie si Mwingereza, ni Mwafrika kutoka Afrika. Sasa wazazi kumi na wawili wametishia kuondoa watoto wao.

"Kwani wanataka nini?" Wamalwa akauliza. "Vyeti si unavyo?"

"Vyeti hawataki, Papa. Wanataka kuongea na mama yangu."

"Basi si waongee na mimi," Mama Celestine akasema. "Mimi nakataa watu?"

Pikipiki ilipita huko mbali, ng'ambo ya bahari, na wote wakaisikia.

"Kwa Kiingereza, Mayi. Kwa video. Jumamosi, saa nne asubuhi ya huko kwetu. Darasa lote na wazazi wao."

Mama Celestine alisoma akaishia darasa la sita. Kiingereza chake kilimtosha kusoma dawa ya kunyunyizia viazi na kufuata wimbo kitabuni. Alitazama ganda la kiazi lililoshika kwenye kidole chake.

"Naweza kujifunza," akasema. "Bado siku tatu."

Quincy alicheka, kisha akaona uso wa mama yake, akakatiza.

"Mkataba unaisha mwisho wa mwezi," Celestine akaendelea. "Madam Hoa ameuweka kwenye droo, hajatia sahihi. Amesema tuone Jumamosi. Bila mkataba hakuna kibali, na bila kibali naondoka. Ndiyo hivyo."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Nyumba hii yenye sakafu ya vigae na maji ndani ilikuwa Celestine. Mwaka wa mwisho wa Quincy chuoni ulikuwa Celestine. Dawa za presha za mzee zilikuwa Celestine. Na yeye mwenyewe, kama angerudi, angerudia zile shule za kibinafsi za huko Lanet zinazolipa walimu ada zikiingia, na zisipoingia zinawaomba wavumilie.

"Si tukodi tu?" Quincy akasema.

"Tukodi nini?"

"Mzazi. Shuleni tulikuwa tunakodi. Ukifukuzwa ati leta mzazi, unaenda steji unachukua mtu wa bodaboda, unamwambia we ni uncle, unamnunulia soda, mambo yanaisha."

Wamalwa alimgeukia polepole. "Yule uncle Kibii uliyesema alikutetea Form Three, mjomba wa rafiki yako. Alikuwa nani?"

"Wa boda."

"Mimi nilimtumia salamu za Krismasi!"

"Zilimfikia, Papa. Alishukuru sana."

Hata Celestine alicheka huko aliko. Kicheko kilipoisha Quincy akasema, "Madam Wangechi, yule wa geti nyeusi. Alikaa Uingereza miaka kumi na moja akiangalia wazee. Anaongea hadi mbwa wake anashindwa kumwelewa."

Mama Celestine alingoja binti yake ashtuke. Alingoja aseme, la, siwezi kumwita mtu mwingine mama. Akasikia Celestine akivuta pumzi na kuuliza, "Atakubali?"

Ndipo akajua kwamba wazo hilo halikuanzia kwa Quincy.

* * *

Alhamisi Celestine alifundisha vipindi sita. Kipindi cha kwanza ni watoto wa miaka minne, na hao hawafundishwi, wanaimbiwa. Aliruka kama sungura, akalia kama bata, akapiga magoti sakafuni akiwa na picha ya tufaha. Ana digrii ya ualimu, Kiingereza na fasihi, na magoti yake yana sugu.

Mtoto mmoja mgeni alilamba kidole chake kisha akamsugua mkono kuona kama rangi itatoka. Mama mtu alikuwa mlangoni, akatabasamu. Celestine naye akatabasamu. Hilo la kusuguliwa alilizoea mwaka wa kwanza. Siku hizi huwapa mkono wenyewe, wasugue waridhike, ili darasa lianze.

Mchana alikula wali na mboga kwenye chumba cha walimu pamoja na Lewis, kijana mwenye nywele za manjano kutoka nchi moja ya baridi huko Ulaya. Lewis halikuwa jina lake pia. Kiingereza chake kilichechemea, akisema jana kwa kesho, na kila Alhamisi alimsukumia Celestine karatasi zake chini ya meza amsahihishie. Lakini Lewis hakuna aliyemuulizia mama yake. Bangoni yeye ndiye yuko mbele, na Celestine yuko nyuma ya bega lake, uso umeng'arishwa na mashine mpaka dada zake wa kanisa kule Nakuru walipouona waliuliza kama ni mgonjwa.

Madam Hoa alimwita ofisini saa kumi. Alikuwa mwanamke mdogo, mpole, ambaye humimina chai kabla ya kusema jambo baya.

"Natalie, mimi nakupenda. Watoto wanakupenda. Lakini wazazi wanalipia London."

"Naelewa, Madam."

"Mama yako anaongea vizuri?"

"Vizuri sana."

"Na nyumba? Ni nyumba nzuri?"

"Ni nyumba nzuri," Celestine akasema. Hilo angalau halikuwa uongo. Aliinywa chai ile yote, ikamchoma ulimi, na jioni hakuisikia ladha ya ugali aliojipikia kwa unga wa mchele.

* * *

Ijumaa asubuhi Mama Celestine hakwenda kupokea lori la viazi kutoka Kuresoi. Alimwachia mwenzake wa kibanda, Jerotich, akamwambia ana mgeni. Akachagua viazi vyeupe vikubwa vya kujaza debe, akajitwisha, akabisha kwenye geti nyeusi.

Madam Wangechi alimfungulia akiwa amevaa gauni la kulalia la mauamaua, na kikombe mkononi.

"Oh, Mama Celestine! Viazi? Darling, mimi siku hizi sili wanga."

"Utawapa hata mbwa, Madam."

Alikaribishwa akae kwenye veranda. Ndani hakukaribishwa. Alieleza shida yake akiwa ameketi ukingoni mwa kiti, debe likiwa kati ya miguu yake. Wangechi alisikiliza huku akipuliza kahawa, na kadiri habari ilivyoendelea ndivyo mgongo wake ulivyonyooka.

"Kwa hivyo mnataka niwe mama."

"Nusu saa tu."

"Pesa sitaki," Wangechi akasema, na Mama Celestine akashukuru moyoni mapema mno. "Mimi si mtu wa kukodiwa. Lakini kama ni kazi, ifanywe kama kazi. Tutafanyia kwenu, kwangu siingizi watu. Hiyo sebule yenu nimeiona siku ile ya jumuiya. Yale mapazia lazima yatoke, nitaleta yangu. Ile kalenda ya kanisa itoke. Picha zote zitoke. Na mzee, anaongea?"

"Wamalwa? Anaongea. Alikuwa karani."

"Basi atakaa karibu nami. Mama bila baba wataanza kuuliza." Alinywa kahawa. "Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitaenda sokoni."

"Hapana. Wazungu hawaongei bila chai. Utakuwa jikoni, utengeneze chai ya maziwa kando na maji kando, mimi nitamtuma huyo kijana aje achukue trei. Wewe usitokee." Kisha, kwa huruma ya kweli, aliongeza, "Si kwa ubaya, my dear. Ni hiyo mikono."

Mama Celestine aliitazama mikono yake. Udongo wa Kuresoi ni mweusi, na ukishaingia kwenye nyufa za vidole hautoki kwa sabuni. Aliikunja ndani ya leso.

"Asante sana, Madam," akasema.

Mchana huo picha zilishushwa. Ya harusi ilitoka kwanza, Wamalwa akiwa na suti ya kuazima na yeye na shada la plastiki. Ya mahafali ya Celestine ilifuata, ile ambayo mama na binti wameshikana viuno na kofia ya digrii iko kichwani kwa mama. Ukutani palibaki miraba myeupe. Quincy alileta picha ya daraja la London aliyoichapisha mjini, akaibandika juu ya mraba mkubwa.

Jioni Wangechi alikuja na mapazia, taa ya mezani, na harufu yake. Wakafanya mazoezi. Wamalwa alikuwa ametoa suti yake ya kijivu sandukuni. Wangechi alimwekea mkono begani, akasema kwa Kiingereza, "Mume wangu anapenda sana bustani," na Wamalwa akacheka kicheko ambacho Mama Celestine, aliyekuwa akipiga pasi kitambaa cha meza, hakuwa amekisikia kwa miaka.

"Mzee, unajua wewe ungekuwa mbali?" Wangechi akamwambia.

"Ni nchi tu, Madam. Nchi ilituangusha."

"Usiniite Madam. Kesho mimi ni darling."

"Darling," Wamalwa akasema, akijaribu uzito wake mdomoni.

Mama Celestine alipiga pasi mahali pale pale mpaka kitambaa kikaanza kunuka.

* * *

Jumamosi saa nne kasorobo kompyuta ya Quincy iliwekwa juu ya vitabu vitatu ili isionyeshe dari. Mapazia yalifungwa, maana nje jua la Nakuru lilikuwa kali na London walikubaliana kuna mvua. Mama Celestine aliingia jikoni, Quincy akaurudisha mlango nyuma yake. Ule wa kutokea uani ulikuwa wazi kidogo kwa ajili ya moshi.

Alisikia yote. Alisikia sauti ya binti yake ikitoka kwenye kompyuta, Kiingereza laini kisicho na mfupa, ambacho hakukitambua kuwa cha mtoto wake mpaka aliposikia kile kicheko kidogo cha woga mwishoni. Alisikia watoto wengi wakisalimia kwa mpigo mmoja. Alisikia Celestine akisema, "Hi, Mum," na Wangechi akijibu kwa sauti ya asali. Yeye Celestine humwita Mayi, tangu akiwa mdogo. Alijiambia kwamba hilo la Mum ni neno tu, ni kama kofia ya kazini.

Mambo yalikwenda vizuri. Mzazi mmoja aliuliza hali ya hewa, Wangechi akalalamikia mvua na magoti yake. Mwingine aliuliza Natalie alikuwa mtoto wa namna gani, Wangechi akasema alikuwa msomaji, akificha tochi chini ya blanketi. Hiyo ilikuwa kweli, na aliyemwambia ni Mama Celestine mwenyewe jana yake, huku akikunja mapazia. Wamalwa aliulizwa kazi. Akasema reli, na kwamba treni za siku hizi zinachelewa, na wazazi wa Vietnam wakacheka kwa muda mrefu kama watu waliopata ndugu. Kule mbele ya darasa Celestine aliona Madam Hoa, aliyesimama karibu na mlango, akilegeza mabega.

Ndipo baba mmoja mwenye tai akainua mkono. Alikuwa yule aliyeanzisha maneno.

"Nyumba yenu ni nzuri. Tunaweza kuiona?"

"Oh, ni chafu leo," Wangechi akasema.

"Kidogo tu. Watoto wanajifunza majina ya vyumba. Sebule, chumba cha kulala, jikoni."

"Jikoni!" watoto wakapiga kelele, kwa sababu neno hilo walikuwa wamelifanyia mtihani wiki iliyopita. "Jikoni! Jikoni!"

Celestine angeweza kusema muda umekwisha. Alikuwa na kengele ya mkono mezani, ile ya kunyamazisha watoto. Aliitazama. Madam Hoa alikuwa akimtazama yeye. Akatabasamu.

Quincy aliinua kompyuta kwa mikono miwili na kuanza kutembea kwa hatua za mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Alikohoa. Akakohoa tena kwa nguvu, mara tatu, ili mama yake atoke na mlango wa uani. Lakini maziwa yalikuwa yamepanda mpaka ukingoni, na Mama Celestine ameshika sufuria kwa leso pande zote mbili, akiiinua kutoka motoni. Alisikia kikohozi akawaza, huyu mtoto amelala bila blanketi tena.

Mlango ulifunguka. Akageuka na sufuria mkononi, leso ya kichwa imeteleza nyuma, jasho kwenye pua.

Kwenye kioo kile aliona watu wengi sana, nyuso juu ya nyuso. Kwenye pembe, mdogo kama stempu, aliona uso wa binti yake.

"Huyu ni nani?" baba mwenye tai akauliza.

Quincy aliishikilia kompyuta pale pale. Kutoka sebuleni sauti ya Wangechi ikaja bila kutikisika, nyepesi kama mtu anayepuuza jambo dogo. "Ah, huyo! Huyo ni mfanyakazi wetu wa nyumbani. Yuko nasi miaka mingi, mingi sana."

Baba mwenye tai hakuridhika. Alimgeukia mwalimu. "Unamjua?"

"Ndiyo," Celestine akasema. "Namjua."

"Anaitwa nani?"

Katika nyumba ile hakuna mtoto aliyewahi kulitamka jina la mama yake. Si kwamba walikatazwa. Ni kama vile mtu hamvui mzazi wake nguo. Shuleni, kwenye fomu, Celestine alikuwa akiandika jina hilo akiwa amelifunika kwa mkono wa kushoto, na mwalimu akimwambia alisome kwa sauti, alimpa karatasi asome mwenyewe. Mumewe alimwita Mama Celestine. Soko zima lilimwita Mama Celestine.

"Nekesa," Celestine akasema. "Anaitwa Nekesa."

"Watoto, msalimieni," Madam Hoa akasema kwa furaha, akija mbele.

Watoto thelathini wakavuta pumzi pamoja, kama walivyofundishwa na mwalimu wao. "Hello, Nekesa!"

Kiingereza cha kutosha Mama Celestine hakuwa nacho, lakini jina lake alilisikia. Alilisikia kwanza kwa mtoto wake, halafu kwa watoto wa watu. Alitazama ile stempu pembeni ya kioo. Midomo ya Celestine ilikuwa imepakwa rangi ya waridi na ilikuwa bado inatabasamu, ila macho yalikuwa yakimwomba kitu, yale yale ya siku aliyovunja chupa ya dawa ya babake akiwa na miaka sita.

Aliweka sufuria chini, kwenye sakafu. Akainamisha kichwa.

"Yes, madam," akasema.

Wazazi walipiga makofi. Baba mwenye tai alimwegemea mkewe akamwambia jambo, na mkewe akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Familia yenye mfanyakazi si familia ya kubahatisha. Madam Hoa alishika bega la Celestine mbele ya wote, akalibana.

* * *

"Tumewaweza!" Wangechi akapiga kelele kompyuta ilipozimwa. Alivua viatu, akajitupa kwenye kiti. "Mzee, hiyo ya treni uliitoa wapi? Wameisha kabisa! Chai iko wapi sasa? Koo limekauka."

Chai ilikuja. Trei ilikuwa imeshapangwa, maziwa kando na maji kando, kwa hivyo Mama Celestine aliileta hivyo hivyo, akamimina. Wamalwa alikuwa anatazama viatu vyake.

"Usichukulie vibaya," Wangechi akamwambia. "Ningesema wewe ni nani? Shangazi? Wangekuuliza swali. Ungejibu nini?"

"Ni kweli," Mama Celestine akasema.

"Na wewe ulijibu vizuri sana. Kama umesomea."

"Sukari ni ngapi?"

"Mbili. Leo acha nile wanga."

Wamalwa alisubiri mpaka mgeni alipoondoka na mapazia yake na taa yake. Alimfuata mkewe jikoni, akasimama kwenye kizingiti akiwa bado na suti.

"Lakini ilipita," akasema.

"Ilipita."

"Ungetoka tu na mlango wa nyuma."

"Nilikuwa na maziwa ya moto mkononi, Baba Celestine. Ningeyamwaga wapi? Kwako?"

Wamalwa aliegemea kizingiti kidogo, kisha akaenda kuvua tai. Saa tisa ujumbe uliingia kwa simu ya Quincy: mkataba umetiwa sahihi, miaka miwili, na nyongeza. Quincy alikuja mbio kumsomea mama yake. Alimkuta anasugua vidole kwa jiwe la kusugulia visigino, akisugua mpaka palipokuwa peusi pakawa pekundu.

* * *

Siri ilikaa ndani siku moja. Quincy alimwambia rafiki mmoja, na Jumatatu soko lote la Wakulima lilikuwa nayo.

"Mama Celestine," Jerotich akamwita juu ya gunia, "nasikia umeandikwa kazi ng'ambo, na hata pasipoti huna!"

"Ndiyo hivyo."

"Mshahara ni dola?"

"Ni asante."

Akina mama walicheka, naye akacheka nao, akipanga viazi kwenye vikopo, vikubwa juu, vidogo chini. Mmoja alisema kwamba mtaani Wangechi sasa anajiita Mama Natalie, amewaambia hadi watu wa duka. Hapo Jerotich aliacha kucheka. Alimsogezea mwenzake chupa ya uji, akamgeukia mteja na kuanza kumgombeza bure.

Jumapili hiyo ya kwanza simu ililia mara nne, na Mama Celestine akaiacha ilie. Wamalwa aliongea, akasema mama yuko kanisani, wakati alikuwa hapo hapo akikunja nguo. Jumapili iliyofuata alikuwa peke yake nyumbani. Ililia. Akaifuta kioo kwa leso, akaipokea.

"Mayi."

"Umekula?"

"Nimekula. Mayi, nisamehe. Ilinitoka tu. Yule mtu aliuliza haraka, na jina lingine halikunijia. Jina la uongo halikunijia, Mayi."

"Mkataba waliupiga muhuri?"

"Ndiyo. Na kibali kiko njiani." Akashusha sauti. "Yule mwingine nilimwita Mum. Mayi sijamwita. Mayi ni wewe peke yako."

"Na mimi uliniita nani?"

Celestine alilia. Alilia bila sauti, maana alikuwa kwenye ngazi za senta na madarasa ya alasiri yalikuwa yanaingia. Mama yake alisikia viatu vidogo vidogo vikipanda na kumpita, na kila jozi ya viatu ikimsalimu Ticha Natalie, na kila mara Celestine akijibu kwa ile sauti isiyo na mfupa, kisha akirudi kwenye simu akivuta kamasi. Mama Celestine alimngojea. Alikuwa na subira hiyo, ya kumngoja mtoto amalize kulia ndipo amuulize kilichobaki.

"Sema," akamwambia. "Kuna jambo lingine. Nakujua."

"Madam Hoa anasema iwe kila mwezi. Jumamosi ya kwanza. Wazazi wameipenda sana, senta nyingine haina kitu kama hicho. Ameniambia nikuombe..." Akaanza upya. "Amesema watoto wanamuulizia yule wa jikoni. Anataka wewe upike kitu, chapati, na watoto wajifunze kusema unga, maji, mafuta. Dakika kumi tu. Mayi, unaweza kukataa. Nitamwambia ulienda kwenu."

"Nikikataa, mkataba?"

"Umetiwa sahihi. Lakini una miezi mitatu ya kuangaliwa."

Mama Celestine alitazama ukuta wa sebule. Kalenda ya kanisa ilikuwa imerudi mahali pake. Picha bado zilikuwa chini ya kitanda; kila mtu alikuwa akingoja mwingine azirudishe. Mwaka wa Quincy ulikuwa umebakiza miezi minane.

"Nitapika," akasema.

"Mayi..."

"Nimesema nitapika. Chapati najua. Wangechi hajui, atazichoma. Lakini lile jina usilitaje tena. Nilipewa na nyanya yangu siku niliyozaliwa, watu wakivuna. Si la kupigiwa kelele na watoto wa watu. Niahidi."

"Naahidi, Mayi. Haki ya Mungu."

"Sawa. Basi siku hiyo utaniita nani?"

Huko kwenye ngazi kengele ililia, na mtu akaita Natalie, mara mbili, kwa haraka. Celestine alifunika simu kwa kiganja, akajibu, akaifunua.

"Sijui, Mayi," akasema. "Wacha niulize Madam Hoa."